Amana Bwawani

Mzee Firimbi alirudi kutoka lindoni saa kumi za jioni na ndoo mkononi, kofia yake ya kazi imeifunika ndoo hiyo. Hakusalimu mtu, naye alikuwa mtu wa kusalimia hata kuku. Aliitua ndoo karibu na karo, pale binti yake alipokuwa akisugua sufuria, akaondoa kofia, akasema, "Haya, nyinyi mnaojua kila kitu duniani. Hiki nini?"

Dada wa Mzee Firimbi alikuwa mkekani, anasuka kikapu cha matete. Alirefusha shingo bila kuinuka, maana siku hizo miguu yake ilikuwa haimsikii.

"Kamba," alisema. "Umefika umri huo hujaona kamba?"

"Kamba wa baharini namfahamu. Huyu nimemtoa bwawani, kwenye matope. Na tazama alivyovaa."

Aliyekuwa ndani ya ndoo alikuwa na urefu wa kiganja cha mtu mzima. Alikuwa na magando mawili mbele, masharubu marefu, na mwili wa kahawia wenye madoa meupe yaliyojikunja kama marumaru za sakafu ya benki. Aliinua magando juu kuwaonya wote waliomwinamia, utadhani uani pale yeye ndiye mwenye nyumba na wao ni wapangaji.

"Babu, anauma?" aliuliza mjukuu, ambaye alikuwa na miaka saba na aliogopa vitu vichache.

"Anauma, mke wangu. Rudi nyuma."

Mpishi, kwani ndivyo kila mtu alivyomwita binti wa Mzee Firimbi, hata baba yake mwenyewe, alitazama ndani ya ndoo mara moja tu. Kisha alirudi kwenye sufuria yake, akaendelea kusugua mahali palipokwisha kutakata. Alimjua yule mnyama palepale, kama mtu amjuavyo mtoto aliyemlea.

"Wamejaa," Mzee Firimbi alisema. "Ukitia mkono kwenye matete unatoa watatu. Miaka mitatu iliyopita hakuwapo hata mmoja. Na huku mkuu ananiuliza vyura wamekwenda wapi."

Alitoa barua mfukoni, imekunjwa mara nne, akampa binti yake aisome kwa sauti. Alikuwa ameisoma mwenyewe mara nyingi, lakini alitumaini pengine ikisomwa na mtu mwingine ingesema jambo jingine. Haikusema. Mkuu wa hifadhi aliandika kwamba katika eneo la mlinzi huyu vyura wamenyamaza, konokono wamekwisha, mayungiyungi yamekatwa mashina, na ndege hawakutaga msimu huu. Dalili zote, kwa maoni ya ofisi, ni za watu kumwaga sumu ya kuvulia samaki, jambo lisilowezekana bila mlinzi kufumba jicho. Mlinzi anapewa hadi mwisho wa mwezi ujao ajieleze kwa ushahidi. Akishindwa, ataachishwa kazi na kukabidhi nyumba ya serikali anamoishi.

Nyumba hiyo ilikuwa na vyumba viwili na jiko, kwenye ukingo wa hifadhi, na ndani yake waliishi watu wanne. Mzee Firimbi alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili astaafu kwa heshima. Jina lake la utani lilitokana na firimbi aliyoivaa shingoni kwa miaka ishirini na sita, na watu walisema ukikanyaga jani moja ndani ya uzio unaisikia kabla jani halijalia. Rushwa hakuwahi kupokea, na waliowahi kumjaribu walikuwa wanamsimulia mpaka leo kama kichekesho.

"Mimi, nifumbe jicho," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba ana mkia, naye anajipapasa nyuma kuhakikisha.

*

Mpishi alinyamaza siku nane.

Aliamka, akaenda kazini kwenye jiko la shule ya chekechea, akapika, akarudi. Siku ya tatu alitia chumvi mara mbili kwenye mboga za nyumbani. Siku ya sita alisahau kabisa kuitia. Siku ya nane shangazi yake alimwita chumbani, akamwambia akae kitandani, akaurudisha mlango.

"Una mimba?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu. Mara ya mwisho ulipopika namna hii tulipata mjukuu." Shangazi alikuwa na ulimi mkali, na aliutumia kwa wote bila upendeleo. "Kama si mimba, ni nini? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema."

Akasema. Alianza kwa sauti ya chini, kisha maneno yakamtoka mfululizo, kama maji ya bomba lililokuwa limeziba.

Kabla ya kazi ya chekechea, Mpishi alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya ghorofa mtaa wa juu. Wenye nyumba walipohama nchi waligawa vitu vyao kwa siku mbili. Dereva alipata baiskeli, mlinzi wa getini alipata feni. Mpishi alipewa sanduku la kioo lenye kamba mmoja mwenye madoa, mnyama wa watoto, aliyenunuliwa dukani pamoja na changarawe za rangi. Mama mwenye nyumba alimshika mabega kwa mikono miwili. "Dada, huyu ni amana. Wewe ndiye tunayekuamini. Asife, watoto watauliza."

Mtu mwingine angemtia sufuriani siku ileile, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini Mpishi alikuwa mtoto wa Mzee Firimbi, na katika nyumba ile mtu aliweza kukosa viatu ila hakuweza kula amana ya watu. Alimweka yule kamba katika chumba alichokuwa amepanga siku hizo, akamlisha maganda ya karoti. Miezi saba kamba alikaa peke yake kwenye kioo, hana mwenzake hata wa kugombana naye. Kisha siku moja alionekana amebeba mayai chini ya mkia, meusi, yameshikana kama zabibu ndogo. Mpishi alidhani ni ugonjwa. Baada ya wiki chache ugonjwa ule ulitawanyika kwenye kioo, una miguu.

Hakuweza kuwahesabu. Aliwahamishia kwenye beseni, beseni likajaa, wakaanza kulana. Kuwaua aliona haya, kwani aliyemwamini alimwambia asife. Kuwalisha hakuweza. Wema usizidi uwezo, watu husema, lakini husema baadaye. Akawaza ni mahali gani duniani ambapo kiumbe hawezi kuguswa na mtu, akapata jibu upesi mno. Bwawa la hifadhi. Ndani ya uzio ule hata kunguru halengwi jiwe, na anayelilinda ni baba yake mzazi. Alijiona hata ana akili.

"Uliwatia wangapi?" Shangazi aliuliza.

"Ndoo mbili."

Shangazi alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Kisha akasema, "Hana mume na amejaza bwawa zima. Na wewe walikusema kwa mtoto mmoja." Akamgusa goti. "Nenda kamwambie baba yako. Leo, akiwa ameshiba."

*

Mzee Firimbi alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa kwenye kigoda cha uani na sahani tupu mapajani. Hakumkatiza. Mpishi alipomaliza, Mzee aliuliza kama anavyouliza lindoni.

"Ulipitia wapi?"

"Lango la mashariki."

"Nani alikuwa zamu?"

Mpishi alitazama chini. "Wewe, Baba. Nilikuletea chakula. Nikakuambia ndoo ni za maji ya kuoshea kibanda. Moja ulinisaidia kubeba."

Mzee Firimbi aliweka sahani chini taratibu. Ilionekana anaikumbuka ile siku, na uzito wa ile ndoo, na pengine maneno aliyomwambia mwanawe njiani. Akaanza kusema polepole, bila kumtazama.

"Wanawake wa ng'ambo ya pili wamekuja mara tatu kuwavua hawa kamba. Wanasema nyama yake tamu. Nimewapulizia firimbi. Wawili nimewaandika kwenye kitabu, wakaitwa ofisini, wakatozwa faini. Niliwaambia, kila kiumbe ndani ya uzio huu ni mali ya hifadhi." Akaigusa firimbi shingoni. "Nimewalinda. Mwaka wa tatu huu nawalinda."

"Nisamehe, Baba."

"Kesho tutakwenda kwa mkuu."

Hakumkemea. Mpishi angefurahi kama angemkemea.

*

Mkuu wa hifadhi alikuwa kijana kuliko viatu vya Mzee Firimbi, kama Shangazi alivyopenda kusema. Ofisi yake ilikuwa na meza kubwa, ramani ya bwawa ukutani, na viti viwili vya wageni, kimoja kikiwa kimevunjika. Aliwaacha wasimame nje dakika arobaini. Mpishi alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi moja tu kazini, na aliitumia nusu yake kutazama mlango wenye rangi ya kijani.

Walipoingia, mkuu alimwelekeza Mzee Firimbi kwenye kiti kizima. Mpishi hakumwelekeza popote, naye akakaa kwenye kile kibovu kwa uangalifu, uzito wake ukiwa kwenye mguu mmoja.

Alisimulia tena. Mara hii ilikuwa fupi. Mkuu aliandika mistari miwili, akaweka kalamu.

"Kamba mmoja," alisema.

"Mmoja, Mkuu."

"Jike?"

"Jike."

"Na dume?"

"Hakukuwa na dume."

Mkuu alimtazama karani wake aliyekuwa kwenye meza ya pembeni. Karani alijifanya anatafuta faili, mabega yakimtikisika.

"Mama, nimesoma elimu ya wanyama miaka minne," mkuu alisema. "Nimesikia mengi ofisini hapa, lakini jike kujaza hekta mia mbili bila dume, hiyo mpya. Labda wewe una ujuzi wa mambo hayo kunizidi."

Karani sasa alicheka waziwazi. Mpishi alihisi uso unamwaka. Habari za mtoto wake asiye na baba zilikuwa zimefika mpaka hapa, zikavuka lango, zikapanda ngazi, zikapewa kiti.

"Mkuu," Mzee Firimbi alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya lindoni, "binti yangu amekuja kusema kosa lake. Mcheke baadaye."

"Sicheki, Mzee. Nasikitika. Naona mtoto amekuja kubeba mzigo wa baba. Ni jambo zuri nyumbani, lakini ofisini halisaidii. Makao makuu wataniambia kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe ni hizo ulizovaa." Akarudisha faili kwenye droo. "Mniletee kitu kinachoshikika. Hao waliompa waandike barua. Au mthibitishe huyo mnyama anazaa mwenyewe."

"Tutathibitishaje?"

Mkuu alichukua simu akampigia mwalimu wake wa zamani chuoni, mtaalamu wa wanyama wa majini. Mpishi alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Mwanzoni mkuu alikuwa akitabasamu. Kisha akaacha. Kisha akavuta karatasi, akaanza kuandika.

"Anasema wapo wanaotaga bila dume," alisema alipokata simu, hamtazami mtu. "Aina moja tu, yenye madoa, inayokula konokono, mayai ya vyura, hata mashina ya mayungiyungi. Lakini anasema kamba wa kawaida aliyekutana na dume huweza kuhifadhi mbegu mwilini, kwa hiyo mayai peke yake si ushahidi. Awekwe peke yake. Akijivua gamba, kila alichohifadhi hutoka na gamba. Akitaga baada ya hapo, basi."

"Basi nini?" aliuliza Mzee Firimbi.

"Basi binti yako kasema kweli."

Kesho yake beseni liliwekwa pembeni ya meza ya mkuu, juu yake wavu wa chuma, na kwenye wavu kufuli ambayo ufunguo wake ulikaa kwenye mnyororo wa mkuu mwenyewe. Ndani aliwekwa kamba mmoja asiye na mayai, ambaye karani alimchagua kwa mkono wake ili pasiwe na maneno.

*

Barua ilikuwa jambo jingine.

Mpishi alikuwa na namba ya simu ya mama mwenye nyumba wa zamani. Ilikuwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya kitabu cha mapishi, na siku zote aliihesabu kuwa kitu cha akiba, kama mtu mwenye mjomba mkubwa serikalini. Aliandika ujumbe mara nne na kuufuta. Hatimaye akatuma hivi: "Shikamoo mama. Ni dada wa jikoni. Naomba uniandikie kwamba ulinipa kamba mmoja tu wa watoto. Baba yangu anataka kufukuzwa kazi kwa sababu hiyo. Sikulaumu. Ni ukweli tu nautaka."

Jibu lilikuja baada ya siku tano, akiwa anamenya viazi vya watoto sabini. Alikausha mikono kwenye aproni, akasoma.

"Marahaba dada yetu mpendwa! Watoto wamekua hutawaamini, wanakusalimia sana. Tumekumbuka mapishi yako! Kuhusu huyo mnyama kwa kweli hatukumbuki, tulikuwa na vitu vingi. Na ukipewa zawadi inakuwa yako. Mungu atawafanyia wepesi."

Chini yake paliwekwa picha ya ua jekundu.

Alisoma neno zawadi mara kadhaa. Kwa miezi saba alikuwa amejinyima usingizi wake na karoti zake kwa ajili ya amana, na sasa aliambiwa haikuwa amana, ilikuwa yake tangu mwanzo. Alitaka kujibu. Mwalimu mkuu wa chekechea alipita dirishani akamkumbusha kwamba watoto hawali simu. Akairudisha mfukoni, akamenya viazi, na alilia kidogo, jambo ambalo jikoni halishangazi mtu kwa sababu ya vitunguu.

Nyumbani Shangazi aliomba asomewe ujumbe wote, pamoja na ua.

"Wenzio walipata baiskeli na feni," alisema. "Wewe ukapewa kuaminiwa. Siku nyingine chagua feni."

*

Wiki ya kwanza kamba wa ofisini hakufanya lolote. Alitembea kwenye beseni, akala kipande cha jani, akakaa. Mkuu alilazimika kumbadilishia maji mwenyewe kwa kuwa ufunguo ulikuwa wake, akakunja mikono ya shati, akalalamika. Walinzi wengine walipitia ofisini kwa visingizio wakamchungulia. Walimwita Bi Mjane.

Mzee Firimbi aliendelea na doria zake. Alikwenda saa ileile na kurudi saa ileile, lakini firimbi hakuipuliza hata mara moja, na watu wa ng'ambo ya pili walidhani amehamishwa. Mpishi alimpelekea chakula kama zamani. Walikaa kwenye kibanda, wakatazama maji. Zamani pale mtu alilazimika kupaza sauti ili asikike juu ya vyura. Sasa waliweza kuongea kwa kunong'ona, na mara nyingi hata hivyo hawakuongea.

Siku moja Mzee alisema, "Kule kwenye kisiwa cha matete, ndege alijenga kiota juu ya mayungiyungi. Mayungiyungi yalipokatwa, kiota kikazama na mayai yake. Nilikuwa nakitazama kwa darubini."

"Baba, niambie neno. Nitukane basi."

"Nikikutukana ndege atarudi?" Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Kisha akamsogezea bakuli. "Kula. Umekonda."

Wiki ya tatu Bi Mjane alijivua gamba. Karani alipiga kelele kwa kudhani wako wawili, kumbe mmoja alikuwa vazi tupu, limekamilika mpaka masharubu. Mkuu alilitoa vazi lile kwa kijiti, akalipiga picha, akaandika tarehe na saa. Kuanzia siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika ofisini.

Zikiwa zimebaki siku tisa mwezi kwisha, aliwaita.

*

Beseni lilikuwa juu ya meza, wavu umefunguliwa. Bi Mjane alikuwa amejikunja kwenye pembe, mkia ameuinamisha, na chini ya mkia mayai yalionekana, meusi, mengi, yanatikisika kila alipopumua. Karani alisimama mlangoni na safari hii hakuwa na la kucheka. Kiti kibovu kilikuwa kimetolewa, na mahali pake pamewekwa kizima.

"Kaa, mama," mkuu alimwambia Mpishi. Akakohoa. "Siku ile nilisema maneno. Hayakuwa ya kiofisi."

Mpishi alikaa. Hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Mkuu alieleza. Suala la sumu limefutwa, na watu wa ng'ambo ya pili wataruhusiwa kuvua kamba wote wawezao. Bwawa halitakuwa kama lilivyokuwa, mtaalamu amesema hilo wazi, lakini litapunguziwa kamba. Mpishi, kwa kuwa alijileta mwenyewe na hakujua, huenda atapewa onyo na faini. Kilichobaki ni fomu ya taarifa ya kosa. Kwa kuwa eneo ni la Mzee Firimbi, taarifa lazima iandikwe na yeye.

Mzee alivaa miwani, akajaza. Mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa zilizosimama wima. Tarehe. Mahali. Jina la mtuhumiwa, ambalo alilichagua yeye mwenyewe miaka thelathini na moja iliyopita, akaliandika lote bila kukosea. Kiumbe kilichoingizwa. Kisha kalamu ikasimama.

Swali lilisema: Je, mtoa taarifa ana undugu na mtuhumiwa? Palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Chini yake, kwa herufi ndogo, fomu ilieleza kwamba mwenye kujibu ndiyo atasimamishwa kazi na kuondoka katika nyumba ya serikali hadi uchunguzi ukamilike.

"Hapo weka hapana, Mzee," mkuu alisema kwa upole. "Uchunguzi wa makao makuu najua unavyokwenda. Miaka miwili. Wewe utakuwa umestaafu ukiwa umesimamishwa, na kiinua mgongo kitakaa kinasubiri. Huko hakuna anayemjua huyu. Jina la ukoo wenu wanalo watu mia."

"Ni uongo," alisema Mzee Firimbi.

"Ni kisanduku. Mimi ndiye ninayepokea fomu, na mimi nimekuambia."

Mpishi aliinuka kwenye kiti, akapiga goti karibu na meza ili baba yake amwone usoni. "Baba, weka hapana. Mimi sitaumia. Shangazi hawezi kutembea, mtoto anasoma hapo karibu, tutakwenda wapi? Ni karatasi tu. Mimi najua mimi ni nani kwako." Alisema kweli kabisa. Alitaka lile neno hapana kama mgonjwa anavyotaka maji, kwa sababu lingekuwa adhabu na lingeokoa nyumba, yote mawili kwa mpigo.

Mzee Firimbi alimtazama. Kisha akaitazama fomu kwa muda, mdomo ukichezacheza kidogo, kama anajaribu ile sentensi kimoyomoyo aone kama itapita.

"Hapana," alisema, na mkuu akashusha pumzi. Lakini alikuwa anaujibu ule ushauri.

Akatia alama kwenye ndiyo. Palikuwa na mstari mbele yake, andika aina ya undugu. Aliandika: MWANANGU. Alipomaliza aliona nafasi imebaki, akaongeza: WA KUMZAA. Akavua firimbi shingoni, akaiweka juu ya fomu isipeperuke, akaomba muhuri.

Mkuu alikaa na muhuri mkononi kwa muda mrefu kabla ya kugonga.

*

Shangazi alikuwa mkekani walipofika. Mzee Firimbi alipita moja kwa moja chumbani kubadili nguo za kazi, kwa kuwa zilitakiwa kurudishwa zikiwa zimefuliwa. Mpishi alibaki amesimama uani, mikono haina pa kwenda.

"Bi Mjane kataga?"

"Kataga."

"Kwa hiyo tumepona."

Mpishi alimweleza habari za fomu, na visanduku, na siku kumi na nne walizopewa kuhama. Alisema jinsi yeye mwenyewe alivyopiga goti. Alitegemea shangazi yake apige kelele, maana nyumba ile ilikuwa ndiyo paa la mwisho la mwanamke yule, naye hakuwa na mtoto, wala mume, wala miguu ya kumpeleka popote.

Shangazi alisuka tete moja mpaka mwisho. Akasuka na la pili.

"Kaka yangu mjinga," alisema. "Alizaliwa mjinga na atakufa mjinga." Akaweka kikapu pembeni, akanyoosha mkono ili ashikwe ainuke. "Nishike, tuanze na vyombo. Angeandika hapana, leo hii ningehama peke yangu, kwa kutambaa."